PUMZI MOJA KABLA YA NENO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wababa, wamama na vijana, nawausia pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Ijumaa hii tunasema juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho na hakuna aliyekinunua: pumzi. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika moja. Ni maelfu ya pumzi tangu Alfajiri hadi Isha, na ni nani kati yetu aliyeshukuru kwa moja?

Unarudi nyumbani jioni. Mshahara haujatoka. Mtoto amefukuzwa shuleni kwa ajili ya minervali, na mwenye nyumba amepita mara mbili. Mke wako anasema kitu kidogo tu: makala yamekwisha. Angalia kifua chako saa hiyo. Pumzi ni fupi, inaishia juu, mabega yamepanda, moyo unapiga mbio. Hapo ndipo ulimi unapotoa neno. Wangapi wamekuja msikitini baada ya Isha, kichwa chini, kumuuliza imamu kama talaka waliyoitamka kwa hasira imepita? Wanachuoni wana maelezo marefu juu ya talaka ya mwenye hasira, na karatasi hii haitoshi. Lakini watoto waliopelekwa kulala kwa bibi yao usiku ule hawayajui maelezo hayo.

Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni, aliomba kwanza akunjuliwe kifua chake, kisha arahisishiwe kazi yake, na ndipo akaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe (Surat Taha, aya 25 hadi 27). Kifua kilitangulia ulimi. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mwenye hasira ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, na kama amesimama akae, na hasira isipomtoka ajilaze. Jaribu uone: mtu aliyejilaza ni vigumu kupiga makelele.

Waganga wa leo wanaeleza namna mwili unavyofanya kazi hapo. Unapovuta pumzi moyo unaongeza mwendo kidogo, unapoitoa polepole moyo unapunguza. Basi anayerefusha kutoa pumzi anauambia mwili wake kwamba hatari imepita. Na sisi wa mashariki miili yetu imezoea hatari. Vita imekuwa nasi tangu 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake. Pikipiki ikilia kwa kishindo, nyumba nzima inashika pumzi.

Fanya hivi. Kaa, weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole hadi nne, tumbo liinue mkono, si kifua. Itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Hizo ni pumzi kama 6 kwa dakika. Endelea dakika tano, asubuhi na jioni. Usilazimishe, ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida. Usifanye ndani ya chumba kilichofungwa chenye mbabula ya makala, moshi ule unaua. Na mwenye tansio asiache dawa zake! Pumzi ya polepole inasaidia kuishusha kidogo, haichukui nafasi ya dawa. Maumivu ya kifua au kukosa hewa, hiyo ni safari ya kituo cha afya mara moja.

Kijana mmoja atauliza: je, hii si bidaa? Ndugu yangu, kupumua si ibada, ni tiba, na Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu. Ukimtaja Mwenyezi Mungu huku ukipumua, ni heri kwako. Usiseme tu kwamba hesabu hii ya nne na sita imetoka kwa Mtume.

Tena tunayo sala. Mnamjua yule bwana aliyesali mbio mbele ya Mtume (S.A.W.), akarudishwa mara tatu akasali upya, kisha akafundishwa kutulia katika rukuu mpaka mwili utulie, na katika sijida vilevile. Wengi wetu tungerudishwa naye. Tunadonoa kama kuku, tunatoa salamu, tunatoka na kifua kilekile tulichoingia nacho, tunakipeleka nyumbani kwa mke na watoto. Na hata tukichelewa jamaa tumekatazwa kukimbia. Tumeamriwa tuje kwa utulivu. Leo baada ya sala, usiruke kutafuta viatu. Kaa na tasbihi zako, moja moja, upumue.

Ee Mwenyezi Mungu, kunjua vifua vyetu, linda ndimi zetu, uwape amani watu wa inchi hii. Amin.

Usisome karatasi hii imamu akiwa juu ya mimbari. Ukimaliza mpe jirani asiyeipata. Usiitupe chini, ina jina la Mwenyezi Mungu.