Darasa Linaloongea

Katika kikao cha wazazi wiki hii, kwenye shule moja ya sekondari ya kata, mzee mmoja alisimama kumshitaki mwalimu wa bayolojia. Alipita dirishani, akakuta watoto wamegeuza madawati, wametazamana, wanabishana, na mwalimu anazunguka katikati yao bila hata chaki mkononi. "Sasa huyu serikali inamlipa mshahara wa nini," akauliza, "kama watoto wanajifundisha wenyewe?" Wazazi wakapiga makofi. Mkuu wa shule akajibu kwamba suala hilo amelichukua na atalifanyia kazi. Mwalimu mwenyewe, kijana wa ajira mpya, alikuwa ameketi safu ya nyuma. Hakupewa nafasi ya kusema neno.

Makofi yale yameniuma hadi leo.

Wengi wetu tumesomeshwa tukiamini kuwa darasa zuri ni lile lililotulia. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili notsi, kisha anageuka: "Tumeelewa?" Nasi kwa pamoja: "Ndiyooo!" Ndiyo ile ilitamkwa na aliyeelewa, asiyeelewa na aliyekuwa akisubiri kengele. Mwalimu alitoka darasani bila kujua nani amebaki njiani, na aliyebaki alijifunza mapema kwamba kuuliza ni kujiaibisha.

Kijana yule hajazua mambo yake. Mtaala wa sekondari wa 2005 ulishaacha habari ya kumjaza mtoto maarifa ukataka ajengewe umahiri, na mitaala iliyoanza kutumika 2024 imeshikilia njia hiyohiyo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule zijenge akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wengine. Aliyeletwa mbele ya wazazi kama mkosaji ndiye aliyekuwa anatekeleza.

Nakubali kwamba kuna kazi za vikundi zisizo na maana. Watoto sita wanaambiwa "jadilini", mmoja anashika kalamu, watano wanamwangalia. Dawa yake imejulikana zaidi ya miaka 50. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, ambako shule zilikuwa zimetoka tu kuchanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico, chuki zikiwaka madarasani, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliligawa somo vipande. Kila mtoto kwenye kikundi alipewa kipande ambacho wenzake hawana. Chukua mfumo wa umeng'enyaji chakula: huyu mdomo na mate, huyu tumbo, huyu ini na kongosho, huyu utumbo mwembamba. Wenye kipande kimoja kutoka vikundi vyote hukutana kwanza, wanasahihishana, kisha kila mmoja anarudi kuwafundisha wenzake. Mtihani anafanya kila mtu peke yake. Hapo yule binti mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza anasikilizwa, kwa sababu habari za ini anazo yeye.

Najua utaniambia: njoo kwetu uone, mkondo mmoja una watoto 80, wanakaa watatu dawati moja. Ni kweli, na tangu ada ilipofutwa 2016 madarasa yamezidi kufurika. Lakini Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alianza miaka ya 1990 kufanya jambo dogo katika kumbi za mihadhara: anatoa swali, kila mwanafunzi anachagua jibu lake, kisha anageukia jirani kumshawishi, halafu wanajibu tena. Kinachohitajika ni swali zuri na jirani. Watatu kwenye dawati moja, jirani yupo. Tena wingi huo ndio sababu ya kufanya hivyo, maana katika dakika 40 hakuna mwalimu anayeweza kuwasikiliza watoto 80 mmoja mmoja.

Kinachoua majadiliano kwetu kuliko msongamano ni lugha. Kikundi cha kidato cha kwanza kikilazimishwa kubishana kwa Kiingereza, kinanyamaza. Waacheni wabishane kwa Kiswahili mpaka jambo liwaingie, kisha watafute maneno ya Kiingereza ya kuandika jibu. Anayewachapa kwa kuongea Kiswahili wakati wa kazi ya kikundi anawachapa kwa kufikiri.

"Na silabasi itaisha lini?" Swali hili walimu huniuliza kwa uchungu, nami nawaelewa, kwa kuwa wanapimwa kwa mada walizomaliza. Kwa hiyo ombi langu naliweka mezani kwa wathibiti ubora wa shule. Mkiingia darasani, msianze na andalio la somo wala madaftari ya notsi. Mwiteni mtoto wa dawati la nyuma, mwambieni amweleze mwenzake walichosoma jana, kwa lugha yoyote anayoiweza. Akishindwa, hilo ndilo liandikwe kwenye ripoti, hata kama silabasi imeisha.