Ahadi Ni Deni, Hata ya Pichani

Mwaka 1688 huko Basel, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu kuhusu maradhi ya Waswisi waliokuwa mbali na makwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu, akaupa ugonjwa huo jina: nostalgia. Waswahili tuna msemo unaoelekea kumpinga: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimejiuliza mara nyingi nani kati yao yuko sahihi, kwa kuwa hamu inayonishika mimi haimo kwa Hofer wala haimo kwenye msemo wetu. Mimi hutamani mahali ambapo hapajawahi kuwa kwetu.

Mahali penyewe ni Chicago ya mwaka 1934, ninayoijua kwa picha tu. Alfajiri ya tarehe 26 Mei mwaka huo, treni iitwayo Burlington Zephyr iliondoka Denver. Haikutoa wingu la moshi kama treni za mvuke. Iliendeshwa kwa injini ya dizeli, na bodi yake ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, kilichoachwa bila rangi ili king'ae. Ilikwenda maili 1,015, yaani kama kilomita 1,630, bila kusimama, kwa saa 13 na dakika 5. Treni za kawaida zilichukua karibu mara mbili ya muda huo. Pamoja na abiria alikuwemo punda. Watu walijipanga kandokando ya reli kuiona ikipita, na jioni ikafika Chicago na kuingia kwenye Maonyesho ya Dunia, yaliyoitwa Karne ya Maendeleo.

Nikizitazama picha hizo, moyo hunisogea. Lakini si treni ninayoitamani. Leo ziko treni zinazoiacha Zephyr mbali sana kwa kasi. Ninachokitamani ni namna wale watu walivyoitazama. Marekani ya mwaka 1933, maonyesho yalipofunguliwa, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Hata hivyo watu walikwenda kwa mamilioni kuitazama kesho, na kwenye picha nyuso zao hazionyeshi kuiogopa. Kizazi changu kikiambiwa habari za mwaka 2050, kwanza huuliza kama mvua zitanyesha na kama ajira zitakuwepo. Kwa hiyo naona wivu. Kumbe mtu anaweza kuihusudu kesho ya watu waliokwisha kufa.

Je, wivu huo ni halali? Swali hili si jepesi, kwa sababu fremu ya picha ina mipaka, na mipaka hiyo ilichorwa na mtu. Katika miaka hiyohiyo, wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, waliitwa "George" na abiria, kwa jina la mwanzilishi wa kampuni, George Pullman, kama vile watumwa walivyoitwa kwa majina ya mabwana zao. Walikuwa wameunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, lakini kampuni haikutia saini mkataba nao hadi mwaka 1937. Treni iliyong'aa ilikuwa ya wote kuitazama. Heshima ndani ya mabehewa haikuwa ya wote.

Wapo watakaosema basi tuziache picha hizo, kwani uzuri wake ni uongo. Wapo watakaosema picha ni picha, tufurahie chuma na mwanga, siasa tuwaachie wengine. Sikubaliani na upande wowote. Wa kwanza wanawanyima wale watu furaha waliyokuwa nayo kweli. Wa pili wanataka furaha hiyo bila bei iliyolipwa, na aliyeilipa hayupo pichani kudai.

Mimi naona maonyesho ya dunia ni ahadi iliyojengwa kwa mbao na taa. Yanamwambia mgeni: haya yanakuja, nawe yatakufikia. Na sisi husema ahadi ni deni. Mtu anayeikumbuka ahadi si lazima awe anataka kurudi siku ilipotolewa. Huenda anataka ilipwe. Hapo ndipo ninapotenganisha hamu mbaya na hamu njema: mbaya inaomba siku zile zirudi zilivyokuwa, pamoja na "George" wake, njema inashika picha mkononi kama hati na kuuliza nani bado hajalipwa. Na mwenye haki kubwa zaidi ya kuuliza ni yule aliyeachwa nje ya fremu.

Walioachwa nje waliuliza mapema. Mwaka 1893, Chicago ilipoandaa maonyesho mengine ya dunia, Ida B. Wells na Frederick Douglass waligawa kijitabu palepale maonyeshoni kueleza kwa nini Mmarekani mweusi hakupewa nafasi humo. Hawakusema maendeleo ni upuuzi. Walisema nasi tumo.

Jumba moja kubwa la maonyesho yale ya 1893 bado limesimama. Leo ni makumbusho ya sayansi na viwanda, na ndani yake imewekwa Zephyr, imetulia, haina tena safari. Ajuaye habari za kijitabu kile akisimama mbele yake hatalazimika kuchagua kati ya kuustaajabia mng'ao wake na kukumbuka nani alinyimwa heshima. Ataweza kufanya yote mawili, kisha atoke nje akagange yajayo.