Kura ya Wadi si ya Fulana

Agosti 10, 2027, Mkenya atakabidhiwa karatasi sita kituoni. Ya rais ataipigia kwa makini, maana amebishana juu yake mwaka mzima. Ya gavana pia. Ikifika zamu ya mwakilishi wadi, wengi huwa wameshachoka: wanafuata chama kile kile kuanzia juu hadi chini, au wanamkumbuka yule aliyegawa fulana na kulipia mahema ya mazishi. Ndugu yangu, karatasi hiyo usiichezee. Kati ya zote sita, ndiyo iliyo karibu zaidi na seli ya mtaani kwako.

Utanijibu kwamba polisi si wa kaunti. Ni kweli. Polisi, mahakama na magereza viko chini ya taifa, na mgombea wa wadi anayekuahidi kumhamisha mkuu wa kituo anakudanganya mchana kweupe. Lakini leseni za biashara, masoko, uchuuzi wa barabarani na vibali vya pombe ni mambo ya kaunti. Sheria zake hutungwa na bunge la kaunti, na sheria hizo zina meno: faini, kifungo, ama vyote viwili. Kanjo, yaani askari wa kaunti, hawamkamati mchuuzi kwa hasira zao tu, ingawa hasira nazo hawakunyimwa. Wanashika kifungu kilichopitishwa na watu uliowapeleka wewe kwenye bunge hilo.

Fuata safari ya mama mboga aliyekamatwa akichuuza. Nyanya zake zimetupwa kwenye gari la kaunti, naye kapandishwa juu yake. Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, husubiri hadi siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni ni balaa la aina yake. Kizimbani anasomewa shtaka na kuulizwa: ni kweli au si kweli? Hapo mama hafikirii sheria, anapiga hesabu. Akisema si kweli, kesi itatajwa leo, iahirishwe kesho, na kila tarehe ni nauli na siku ya biashara iliyopotea. Akisema ni kweli, atatozwa faini aende akaangalie watoto. Basi anasema ni kweli. Amekubali hatia kwa sababu kujitetea ni ghali kuliko faini. Na asiye na hela ya faini hulala gerezani, kosa lake likiwa ni kutafuta unga.

Kifungu hicho hicho cha 49 kinasema pia kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kariri hilo. Mfundishe jirani, mfundishe kijana wa bodaboda, lisemwe hata kwenye chama cha kina mama, kwa sababu haki isiyojulikana na mwenyewe hakuna anayehangaika kumpa.

Haya si malalamiko ya mitaani tu. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa na baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, NCAJ, mwaka 2017, ulikiri kwamba maskini yuko hatarini zaidi kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa kuliko mwenye nacho. Mwaka huo huo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipitisha misingi ya kuzitaka nchi ziache kuyafanya makosa madogo kuwa uhalifu. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika yenye makao yake Arusha ikatoa maoni kwamba sheria za kuwaadhibu watu kwa uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzibadilisha au kuzifuta. Wakubwa wameshasema. Sasa nani atayafikisha maneno hayo kwenye masoko ya Gikomba na Kongowea? Kuna wadi 1,450 nchini, na kila moja ina mtu wake wa kupiga kura katika bunge la kaunti kuhusu faini ya mchuuzi.

Kwa hiyo anapokuja kuomba kura, usimwulize ameleta nini. Mwulize ni sheria ndogo gani atakayoipeleka ifutwe au ipunguziwe adhabu. Mwulize mali iliyonyang'anywa inaandikwa wapi, na mwenyewe anarudishiwa lini. Akibabaika, umeshajua. Wewe kijana uliyefikisha miaka 18, peleka kitambulisho chako ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge lako ujiandikishe sasa. Viti vya wadi vinaweza kuamuliwa kwa kura chache, na wanaosimamishwa barabarani kila wiki ni nyinyi, si wazee wa kamati.

Wala usingoje uchaguzi. Kila mwaka kaunti huleta mswada wa fedha unaopanga ada za soko na leseni, na umma lazima usikilizwe. Ukumbi ule mara nyingi huwa na viti vitupu, jazeni. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti kutunga, kurekebisha au kufuta sheria yake. Kaeni wachuuzi kumi chini ya mwavuli mmoja, andikeni kifungu mnachokikataa na sababu zake, tieni sahihi, pelekeni kwa karani wa bunge, na msiondoke pale mezani bila nakala iliyogongwa muhuri.