Lori Haliwaki



Kwaresima imefika, na kila mwaka majira haya wazee wa kanisa hujiwa na mtu mwaminifu aliyeinamisha uso: amejaribu kusali, hasikii kitu, ameacha kuikaribia Meza ya Bwana kwa kuwa, asema, imani yake imekufa. Wengine hawasemi neno. Hukaa benchi la nyuma kwa miezi kadhaa, kisha hawaonekani tena. Hao ndio tunaowaandikia leo, na kwa kuwa hapa kwetu kila mtu amewahi kusimama kando ya lori bovu, tutasema nao kwa habari ya lori.

Chukua lori kuukuu la diseli, Bedford au mwenzake. Bedford hayatengenezwi tena, ila yangalipo yanayobeba mahindi. Asubuhi dereva anapiga stata, haliwaki. Mpita njia husema limekufa. Fundi hasemi hivyo. Yeye huuliza kwanza kama stata inaizungusha injini au haiizungushi. Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali, na anayeyachanganya atamtibu mguu mtu anayeumwa jino.

Stata ikizungusha kwa kulegea, fundi huwasha taa kubwa na kupiga tena. Taa zikififia, shida ni umeme: betri imeisha, au unga umeota juu ya vichwa vyake, au waya wa athi umelegea kwenye chesi. Malori mengi makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizoungwa zifanye 24, na moja ikidhoofika, zote mbili hazifai kitu. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12 haina nguvu. Mara nyingi maji ya moto, brashi na spana huwa ndiyo matengenezo yote.

Msomeni Eliya katika 1 Wafalme 19. Aliketi chini ya mti akaomba afe. Malaika aliyemjia hakumhoji habari ya imani yake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Ndipo nabii akaenda siku 40 mpaka Horebu. Wako watu mtaani kwetu wanaojishitaki kuwa hawana imani, kumbe wamemuuguza mzazi tangu mavuno na hawajapata usingizi wa usiku mmoja. Mtu huyo asihimizwe kufunga. Apelekewe uji, na apatikane mwenzake wa kukesha na mgonjwa. Tunawaomba Umoja wa Akina Mama waipokee kazi hiyo iwe Kwaresima yao.

Lakini yawezekana stata inazungusha kwa nguvu na bado injini haishiki. Hapo fundi humtuma utingo nyuma akatazame bomba la moshi. Injini ya diseli haina plagi za cheche. Hewa hugandamizwa ndani yake mpaka ikawa ya moto sana, na diseli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Ukitoka moshi mweupe, diseli inafika ila haiungui. Usipotoka moshi wowote, diseli haifiki kabisa.

Basi kabla hajagusa pampu, fundi mzuri hutazama kitu kimoja kidogo. Malori hayo ya zamani hayazimwi kwa swichi. Yana kishikio chenye waya, ambacho dereva hukivuta ili kuikatia injini mafuta. Kama jana alikivuta akasahau kukirudisha, au waya umekwama kwa kutu, leo atapiga stata mpaka jioni. Tangi limejaa, betri ni nzima, pampu ni nzima, na mafuta yamefungwa kwa mkono wa dereva mwenyewe.

Ndugu, hapa tunaomba msomaji asiharakishe. Bwana wetu alipofundisha juu ya mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake (Mathayo 5), hakumwambia asali zaidi. Alimwambia aiache sadaka, aende akapatane kwanza. Tunawafahamu Wakristo wa miaka mingi ambao hawajamsalimu ndugu wa tumbo moja tangu shamba la baba lilipogawanywa. Wanakuja kanisani, wanaimba, wanatoa fungu la kumi, na wanashangaa kwamba Komunio haiwagusi. Kishikio kilivutwa siku ile ya shamba. Tena mara nyingi aliyekivuta alikuwa na haki. Mpaka ulisogezwa kweli, na mashahidi wapo. Haki yake hatuikatai, na baraza liiamue. Lakini kwenda kwa nduguye na kumpa mkono si kazi ya baraza, wala Padre hawezi kumwendea.

Kishikio kikiwa mahali pake, hutazamwa upepo. Nati moja isiyokazwa, au tangi lililoachwa likauke, na hewa huingia katika bomba la mafuta. Hewa hukubali kugandamizwa, diseli haikubali; kwa hiyo pampu hufanya kazi bure, ikisukuma povu. Fundi huanza kwenye filta, karibu na tangi: hulegeza skrubu, hupampu kwa mkono mpaka yatoke mafuta matupu bila povu, hukaza, kisha husogea kwenye pampu kubwa, na mwisho kwenye noseli. Anayeanzia mwisho ataurudia upepo ule ule. Na wale wanaoifungua pampu kubwa kando ya barabara, juu ya gunia lenye vumbi, hao tunawaonea huruma wenye malori.

Yoshua naye aliposhindwa pale Ai alilala kifudifudi, na Mungu akamwambia ainuke. Msako ukaenda kwa taratibu: kabila, ukoo, nyumba, mtu, hata vitu vikapatikana vimefukiwa chini ya hema moja. Kusema tu "mimi ni mwenye dhambi nyingi" ni kubaki kifudifudi. Anayekwenda kwenye kitubio akae kwanza na kalamu, aanzie asili: lini sala ilianza kupoa, na juma lile kulitokea nini?

Neno moja kwa wazee na majirani. Lori bovu likionekana, vijana hukusanyika kulisukuma. Likishtuka huwaka kweli, na kesho yake ni kusukuma tena. Hivyo ndivyo tunavyowafanyia waliopoa, tukiwaaibisha mpaka waje Pasaka, na hatujawauliza hata mara moja kinachowauma.

Mwisho, lori likiwaka lisizimwe papo hapo. Betri iliyokuwa tupu haijai kwa dakika tano. Yafaa liende safari ndefu. Wale watakaorudi Mezani Pasaka hii wasishangae Jumapili ya pili ikiwa baridi. Tunawaomba waje hiyo ya pili, na ya tatu, na wenyeji wa mabenchi ya mbele wawasogezee nafasi pasipo kuwauliza walikuwa wapi.