Amana ya Mgeni

Nsungwi, jina la mtaa wa Lilongwe nchini Malawi, kwa Kichewa maana yake ni mianzi. Mtoto wa Kikongo au wa Kirundi anayelitamka akienda sokoni anataja mmea wa nchi hii pasipo kuujua, na hapo ndipo swali linapoanzia: je, mtoto aliyezaliwa ukimbizini ana haja, au hata haki, ya kufundishwa viumbe vya nchi isiyomhesabu kuwa raia wake? Kuzaliwa Malawi peke yake hakumpi mtu uraia, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, kambi ya wilaya ya Dowa iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa jela. Katika hali hiyo ni rahisi kudhani kwamba wanyama wa asili ni urithi wa wenyeji tu. Dhana hiyo ina kosa, na kosa lenyewe ni la kidini kabla ya kuwa la kielimu.

Katika kitabu cha Mwanzo, Adamu anawapa wanyama majina. Katika Kurani, Mola wake anamfundisha majina yote. Kisha Adamu huyohuyo anatolewa bustanini, wala hatuambiwi kwamba alinyang'anywa elimu ile. Kurani inawahesabu pia wanyama na ndege kuwa ni umma, kama wanadamu walivyo umma. Umma haumilikiwi na jirani yake; jirani hujifunza tabia zake na kuutimizia haki zake. Basi kumjua kiumbe ni wajibu wa kila akaaye karibu naye, awe na kitambulisho au asiwe nacho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia kama amri ya kazi tu, ilhali anayepewa jembe amekabidhiwa udongo pia, pamoja na wote waishio ndani yake.

Lugha nayo inashuhudia. Fisi ni fisi kwa Kiswahili na kwa Kichewa. Nyoka ni njoka, nyuki ni njuchi, ndovu ni njovu. Ni maneno ya ukoo mmoja wa Kibantu, na umri wake unaupita mbali mpaka wowote unaolindwa leo. Mtoto mwenye asili ya Kivu, kule Kongo, akiyasikia darasani anagundua kwamba nusu ya somo amekuja nayo kutoka nyumbani. Na fisi si wa vitabuni: fisi madoa wanaishi ndani ya jiji la Lilongwe, mchana wakijificha vichakani, usiku wakitafuta mizoga na mabaki ya chakula. Mtoto aliyefundishwa hayo mapema anajua kwa nini asitoke peke yake gizani, na anajua pia kwamba mlio wa fisi ni wa mnyama, si wa mchawi.

Watasema kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, na mtoto mwenye njaa hahitaji habari za ndege. Lakini somo hili halidai vifaa, na kuni zinapokwisha vilimani mtoto huyohuyo ndiye anayetumwa mbali zaidi kuzitafuta, ambako kuwajua viumbe kutamfaa. Watasema kesho atapelekwa ng'ambo. Baadhi watakwenda, ila kambi imepita miaka 30, na wengi wamekulia hapohapo. Pingamizi zito zaidi linatoka mbuga ya Kasungu, ambako tembo 263 walihamishiwa mwaka 2022, kisha wanavijiji wakauawa na mashamba yakaharibiwa. Mbele ya msiba huo, kumwimbia mtoto kwamba tembo ni rafiki ni kumdanganya. Afundishwe tembo anakula nini, anapita wapi kutafuta maji, na kwa nini njia yake hukatiza shamba la mtu. Hofu yenye elimu humlinda mtoto na humlinda tembo.

Kwa hiyo mwalimu wa Dzaleka asingoje basi la kwenda mbugani. Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa Novemba au Desemba, awatoe watoto nje, wawatazame kumbikumbi wakitoka ardhini, na kila mtoto awataje kwa lugha ya mama yake.