Mwili Unakoishia

Mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty aliandika mwaka 1945 kwamba kipofu aliyeizoea fimbo yake haihesabu tena kuwa kitu alichokishika. Ncha ya fimbo imekuwa mahali pa kuhisi. Wengi huichukua hoja hiyo na kuipachika kwenye kiti mwendo. Inafaa, lakini nusu tu.

Anayeanza kukitumia huwaza kila tendo. Mkono mmoja ukizidi nguvu, kiti kinakwenda upande. Mlangoni anapima kwa macho na bado vidole vinachubuka kwenye fremu. Muda ukipita, kipimo hicho humtoka machoni kikamwingia mabegani, akajua anapita au hapiti kabla hajafikiri. Hujifunza pia kuyanyanyua magurudumu madogo ya mbele na kujisawazisha juu ya yale makubwa, maana asipoweza hilo, ukingo wa barabara ni ukuta. Na ardhi yenyewe hugeuka. Barabara iliyoinama kidogo, ambayo miguu haikuwahi kuistukia, sasa inamvuta upande mmoja safari nzima. Kizingiti cha mlango wa nakshi kule Mji Mkongwe, Zanzibar, ambacho watalii hukipiga picha, kwake ni kukataliwa. Wajenzi wa nchi nyingi wana kanuni kwamba njia ya kupandia inayoinuka sentimita 1 iwe na urefu wa sentimita 12. Ikikiukwa, viganja vyake vinajua kabla ya mkaguzi yeyote.

Hapa ndipo fimbo inaposhindwa kunitosheleza. Kwa Merleau-Ponty, chombo kilichozoeleka hakiwaziwi tena. Aliyeumia uti wa mgongo hana raha hiyo. Makalio yasiyohisi hayamwambii kwamba yamechoka, kwa hiyo hujiinua kitini mara kwa mara, tena kwa kukumbuka, asipate vidonda vya mgandamizo. Gurudumu analihisi, paja lake mwenyewe analitunza kama amana. Mpaka wa mwili umehama pande zote mbili, na sioni kwa nini tudhani kwamba hata kwetu sisi tunaotembea uliwahi kuwa kwenye ngozi.

Basi anayevamia vishikio vya nyuma na kusukuma bila kuuliza, hata kwa nia njema, amemshika mtu, hakushika kiti. Angethubutu kumkamata abiria kiuno kituoni na kumsogeza? Uliza kwanza. Ukiambiwa hapana, toa mikono.