Kipimo Kijae



Neno letu mwezi huu linatoka Mwanzo 39 na 40. Nawaandikia hasa ninyi mnaofanya kazi katika mashirika hapa Nyarugusu: walimu, wahudumu wa afya, walinzi, wapimaji wa chakula. Manung'uniko yenu nayajua. Mwenzako mwenyeji anapata mshahara. Wewe unapewa posho, na kazi ni ileile. Wengine mlikuwa walimu wakuu kule Fizi na Uvira, leo mnaongozwa na kijana wa umri wa mtoto wenu.

Mimi pia nilipita huko. Kabla ya kwenda chuo cha Biblia nilikuwa nikipima unga siku za mgao. Nilitumaini kuwa kiongozi wa zamu, lakini nafasi akapewa mwenyeji niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Nilikasirika sana. Nikaanza kuchelewa, nikaacha kumsalimu, nikawa namsema kwa Kibembe mbele yake ili asielewe. Siku moja mama mzee akaniambia kipimo chake hakikujaa. Nikamjibu, "Mama, songa mbele, wengine wanangoja." Akafunga mfuko wake, akaenda kimya. Usiku ule sikulala. Kiongozi wangu hakupungukiwa na kitu. Aliyelipa hasira yangu ni mkimbizi mwenzangu.

Ndugu zangu, mtazameni Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake, akasingiziwa na mke wa bwana wake, akatiwa gerezani bila kosa. Je, hakuwa na sababu ya kulegea kazini? Lakini asubuhi moja aliona wafungwa wawili wana huzuni, akawauliza wana nini. Uchungu wake haukumziba macho asione uchungu wa wengine.

Tena angalieni: Yusufu hakunyamaza. Alimwambia mnyweshaji waziwazi kwamba ameonewa, akaomba atajwe kwa Farao. Kudai haki si dhambi. Katika Wakolosai 3 Paulo anawaambia watumwa wafanye kazi kwa moyo wote. Mlango wa 4 unaanza kwa kuwaagiza mabwana watende haki. Yote mawili ni Neno la Mungu.

Basi tufanyeje? Kwanza, ukikosewa, mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18:15. Usianzie kwenye bomba la maji. Pili, asipokusikia, chukua mwenzako mmoja au wawili, mseme naye tena kwa heshima. Akikataa, ndipo mfike kwa mkubwa wake. Tatu, wakati unangoja jibu, kipimo kijae. Mtoto darasani, mgonjwa kitandani na mama kwenye foleni si wao waliopanga posho yako.

Mimi yule mama nilimtafuta nyumbani kwake, nikamwomba msamaha. Akanikaribisha ndani, akanipikia ugali. Kesho yake nilimsalimu kiongozi wangu. Cheo sikupata, lakini usingizi ulirudi.

Mnyweshaji alimsahau Yusufu miaka miwili mizima. Mungu hakumsahau, wala wewe hajakusahau.

Tuombe: Ee Bwana, tunza mioyo yetu kazini, tupe kinywa cha kusema haki bila chuki, na mikono isiyopunja. Katika jina la Yesu. Amina.